Chupa tupu na unga ulioumuka

Saa kumi na moja alfajiri, Tandika. Dada yangu kaenda kufunua ndoo ya unga wa vitumbua akakuta hakuna cha kufunua, mfuniko ulishasukumwa pembeni na unga wenyewe, umeumuka usiku kucha kwa joto hili la Februari mpaka umechuruzika sakafuni, na ile harufu, wanaokaanga vitumbua wanaijua, harufu ya utamu unaoanza kugeuka ulevi. Dada akaguna, akakoroga kwa upawa mapovu yakashuka, akaanza kumimina kwenye kikaango.

Mwanawe wa kidato cha pili alikuwa kwenye kigoda pembeni ya jiko, daftari la baolojia mapajani, anamulika kwa simu. Mi nililala kwao siku hiyo, nimekaa mlangoni nasubiri chai.

"Mamdogo, hapa wanasema bila oksijeni hamira inatoa pombe na hewa ukaa, misuli inatoa asidi ya laktiki. Sasa hiyo asidi ndo inayoleta nguvu?"

"Ndiyo mwanangu," nikamjibu palepale. "Oksijeni ikiisha mwili unapata nguvu kidogo kwa kutengeneza hiyo asidi."

Akaandika.

Nilimwona akiandika, kwa kalamu ya bluu, pembeni ya notisi zake. Notisi zenyewe ni Kiingereza lakini lile jibu langu aliliandika kwa Kiswahili, na mtu akiandika kitu kwa lugha aliyonyonya ziwani ujue kakiamini. Nimeishi na sentensi ile wiki tatu.

## Mbio za Azizi Ali

Nilisoma baolojia mpaka kidato cha sita. Leo napiga hesabu za duka Kariakoo, sayansi nimeiacha siku nyingi, lakini jibu lile nilikuwa nalo tayari mdomoni kama salamu. Ndo kilichonitisha baadaye, kwamba lilitoka haraka vile.

Siku ya pili yake nilikimbilia daladala pale Mtoni kwa Azizi Ali. Gari lilishaanza kuondoka, konda anapiga bodi, mi na begi na viatu vya ofisini, kama mita mia na hamsini hivi. Nikalipata. Nimeshika bomba juu, mapaja yanawaka moto, natweta mpaka mama mmoja akanipisha siti, na katikati ya kutweta huko swali la mtoto likarudi. Kama asidi ndo inanipa nguvu, mbona miguu inanilegea wakati ndo asidi imejaa?

Halafu nikakumbuka na lile lingine tunaloambiana sana kwenye joging za Jumapili, kwamba ukiumwa mapaja siku ya pili na ya tatu ni laktiki asidi imeganda kwenye misuli. Nikaanza kusoma kwenye simu, foleni ya Bandarini inatosha kusoma kitu chochote. Laktiki inayoingia kwenye damu baada ya mbio inasafishwa ndani ya saa moja au zaidi kidogo. Maumivu ya keshokutwa yanatoka kwa nyuzi za misuli zilizoumia kidogo kidogo kwa kazi iliyozizidi. Laktiki siku hiyo ilishaondoka zamani.

Kwa hiyo hapo nilikuwa na uongo wa pili, huu nimewagawia watu wengi zaidi.

## ATP mbili zilezile

Kila aliyepita darasa la baolojia anajua lile jedwali la safu mbili. Kwa oksijeni: ATP 38. Bila oksijeni: ATP 2. ATP ni ile chenji ndogo ambayo seli inalipia kila kitu, na mwili unaitengeneza na kuitumia tena na tena kiasi kwamba ukijumlisha ya siku nzima inakaribia uzito wako mwenyewe. Tulilikariri lile jedwali, tukaliandika kwenye mtihani, tukapata vema.

Kile ambacho jedwali halikuniambia, au liliniambia sikusikia, ni kwamba zile mbili za upande wa pili zimo pia ndani ya zile za upande wa kwanza. Ni zilezile.

Glukosi, ile sukari ambayo seli inaitumia, ina kaboni sita. Seli inaikata katikati zinapatikana piruveti mbili za kaboni tatu tatu, kazi hiyo inafanyika nje ya mitokondria, vile vijumba vya ndani ya seli vinavyotumia oksijeni, kwenye maji maji ya seli tu, na haiulizi oksijeni ipo au haipo. Ukitoa gharama ya kuanzisha, faida ni ATP 2. Hapo asidi bado haijazaliwa. Ndo baadaye, kama oksijeni haifiki ya kutosha, piruveti inageuzwa kuwa laktiki, na hatua hiyo ya kuigeuza inatoa ATP ngapi?

Sifuri.

Nilirudia kusoma mara nne nikidhani nimeruka mstari. Hata ile ya hamira, kutoka piruveti kwenda pombe, sifuri vilevile. Nguvu ilishatoka kabla. Asidi haileti kitu. Na mi nimemwambia mtoto asidi ndo inayoleta.

Kosa lilinikereketa, ila kilichoninyima usingizi ni hili: kama haileti kitu, seli inaitengeneza ya nini? Mwili hauna mchezo na nguvu, hauwezi kuwa na kiwanda kizima chenye enzaimu yake maalum kinafanya kazi usiku na mchana cha kuzalisha asidi isiyo na faida. Niliuliza rafiki yangu mmoja tuliyesoma naye, akasema ni uchafu tu, ni taka. Sikuridhika. Taka hutokea, haitengenezewi mtambo.

## Dukani kwa Mangi

Jibu nililipata Jumamosi jioni wala sikuwa nalitafuta. Tulikuwa na kikao cha familia, nikatumwa kreti ya soda. Nimefika dukani kwa Mangi, naagiza, anauliza, "Chupa ziko wapi dada?" Sina. Basi hakuna soda. Pesa ninayo mkononi, soda zipo kwenye friji naziona, ila bila chupa tupu za kubadilishana yeye kesho akienda kujaza mzigo atarudi mikono mitupu. Nikasimama hapo nawapigia simu nyumbani waniletee chupa.

Wakati nasubiri akaja mtoto mmoja wa kike na jagi la plastiki. Soda mbili. Mangi akafungua chupa, akaimimina yote kwenye jagi, chupa tupu akaitumbukiza kwenye kreti. Ya pili hivyo hivyo. Mtoto akaondoka na jagi lake.

Soda haijanywewa. Ipo nzima, tamu vilevile, imehamia chombo kingine tu. Ila chupa imebaki dukani na kazi inaendelea.

Nilisimama pale kama mtu aliyeitwa jina lake.

Maana nilishasoma siku zile kuhusu kitu kinaitwa NAD, nikakipita juu juu. Seli inapoikata ile glukosi kuna elektroni zinavuliwa, pamoja na hidrojeni, na haziwezi kuachwa zizagae, lazima zibebwe. Mbebaji ni NAD. Inakuja tupu, inapakiwa, inaondoka imejaa. Na seli ina NAD chache sana ukilinganisha na sukari inayopita, kwa hiyo lazima zijazwe, zimwagwe, zijazwe tena, kila sekunde. Zikijaa zote na hakuna pa kumwaga, kukata glukosi kunasimama. Sukari ipo tele, kama ile friji ya Mangi, ila hakuna chupa tupu.

Ndo hapo laktiki inapoingia. Seli inachukua ile NAD iliyojaa inaimwaga ndani ya piruveti yenyewe, ile ile iliyotoka kuikata. Piruveti ikishamwagiwa inaitwa laktiki. NAD ni tupu tena. Glukosi nyingine inaweza kukatwa, ATP nyingine mbili zinapatikana.

Laktiki ni jagi.

Hamira nayo inafanya hivyo hivyo ila inaanza kwa kuikata piruveti kaboni moja, ile kaboni inapaa kama hewa ukaa ndo inayosukuma mfuniko wa ndoo ya dada, halafu kilichobaki kinamwagiwa na kuwa pombe. Pombe yote unayoijua, ya mnazi, ya ulanzi, ya mbege, kwa hamira ilianza kama namna ya kurudisha chupa tupu.

## Oksijeni haibebi nguvu

Nikishaliona hilo upande wa pili nao ukabadilika wenyewe. Miaka yote niliamini oksijeni inaleta nguvu, tunavuta hewa tunapata nguvu, hata lugha inakubali. Sasa nikawa najiuliza inafanya nini hasa kule ndani.

Inapokea. Basi.

Kwenye mitokondria NAD zilizojaa zinashusha elektroni mwanzoni mwa mnyororo wa protini, na elektroni zinashuka ngazi kwa ngazi, kila ngazi zinaachia nguvu kidogo, na nguvu ile inatumika kusukuma protoni, yaani hidrojeni iliyovuliwa elektroni yake, zirundikane upande mmoja wa utando. Protoni zikirundikana zinataka kurudi, na njia kuu ya kurudi ni moja, kupitia mtambo mdogo ambao unazunguka kweli kweli, kwa maana halisi ya kuzunguka, na ukizunguka unatengeneza ATP. Ukitaka picha fikiria Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji na mitambo yake tisa, megawati 2,115, maji yamezuiwa juu na yanalazimishwa kupita kwenye hiyo mitambo. Muingereza Peter Mitchell alipolisema hili mwaka 1961 wenzake wengi walimpinga kwa miaka, Nobeli alipewa 1978.

Na mwisho kabisa wa ngazi, chini, elektroni zimechoka, lazima mtu azipokee ziondoke njiani ili nyingine zishuke. Huyo ndo oksijeni. Inazipokea, inachukua na hidrojeni, inakuwa maji.

Maji! Hili nalo sikulijua. Nilidhani oksijeni ninayovuta ndo inarudi nje kama hewa ukaa, inaingia safi inatoka chafu. Sivyo. Hewa ukaa inatoka kwenye chakula, ni kaboni ya vile vitumbua. Oksijeni ambayo mwili wako unaitumia sasa hivi wakati unasoma hapa, karibu yote inaishia kuwa maji ndani yako.

Nikawa najiambia hilo njiani, kwenye daladala, kazini. Tunapumua ili kuwe na wa kupokea mzigo. Angalia na Kiswahili chetu, kupumua na kupumzika ni mzizi mmoja, na mtu akitua ndoo kichwani anasema ngoja nipumue. Sijui waliotuachia lugha walikuwa wanafikiria nini, seli hawakuziona, ila neno walilichagua vizuri sana.

## Muhogo mchungu

Kuna siku nilipata shaka. Labda hii ya "mpokeaji" ni mfano tu mzuri wa kusemea, na mimi nimeupenda kwa sababu ya Mangi. Nilitaka kitu kinachoweza kuonyesha kwamba oksijeni ikiwepo tele lakini mapokezi yakifungwa, mtu anakwama.

Kipo, na wengi tumekua nacho uani. Muhogo mchungu. Bibi yetu Mkuranga alikuwa haruhusu mtoto kutafuna muhogo mbichi wa shamba fulani, ule ni wa kumenya, kuloweka, kuanika, kutwanga. Ndani yake kuna kitu ambacho muhogo ukikatwa au kutafunwa kinaachia sianidi. Na sianidi inachofanya ni kukaa hasa kwenye ile ngazi ya mwisho, kwenye protini inayokabidhi elektroni kwa oksijeni, inaziba. Mapafu mazima, damu imejaa oksijeni, hata ile inayorudi kwenye moyo inakuwa bado nyekundu mbichi kwa sababu hakuna aliyeichukua oksijeni yake. Na seli zinakosa nguvu, ubongo na moyo vinatangulia. Damu inajaa laktiki, maana seli zimerudi kwenye kumwaga kwenye jagi.

Hewa ipo. Wa kupokea yupo mlangoni. Mlango umefungwa.

Nilipolisoma hilo nilimfikiria bibi muda mrefu. Alikuwa analinda ile ngazi ya mwisho kwa ndoo ya maji na mkeka wa kuanikia.

## Nguvu iliyobaki kwenye jagi

Gramu 180 za glukosi zikichomwa mpaka mwisho kwa oksijeni zinaachia kilojuli kama 2,870. Zikiishia kwenye laktiki zinaachia kama 200. Zile nyingine zimeenda wapi? Hazijaenda popote, zimo humo humo kwenye laktiki, kama soda kwenye jagi la yule mtoto.

Ushahidi wa hili upo mtaani. Gongo likiwa kali ukiliwasha linawaka, moto wa bluu. Ule moto ni nguvu ambayo hamira ilishindwa kuitoa kwa kukosa mpokeaji. Au chukua mkaa. Wachoma mkaa wanapanga magogo wanafukia kwa udongo makusudi hewa isiingie ya kutosha, kuni zinaungua nusunusu, na kwa sababu zimeungua nusunusu ndo tunapata kitu cha kununua kwenye kopo na kukaangia vitumbua. Ukiliacha tanuri wazi unapata majivu. Mfaransa Lavoisier na mwenzake Laplace, kwenye baridi ya 1782 na 1783, walimweka simbilisi kwenye chombo kilichozungukwa na barafu wakapima barafu iliyoyeyuka, halafu wakafanya hivyo hivyo kwa mkaa unaowaka, wakakuta joto linakaribiana kwa kiasi kilekile cha hewa ukaa. Wakasema kupumua ni kuungua polepole. Jiko la dada na mtoto aliyekaa pembeni yake wanafanya kazi moja, mmoja tu anaifanya kwa ngazi nyingi.

Turudi kwenye jagi. Mwili wa mtu hauimwagi ile laktiki kama hamira inavyoitema pombe nje. Inaingia kwenye damu, moyo unaichukua na kuichoma kama chakula, misuli mingine ambayo haijachoka inaichukua, na ini linaichukua na kuijenga upya kuwa glukosi. Hilo la ini walilifuatilia mume na mke, Carl na Gerty Cori, ambao baadaye walipata Nobeli, 1947. Na ni ghali, misuli ilipata ATP 2, ini linalipa 6 kuirudisha. Hiyo ni sababu mojawapo nilivyokaa kwenye ile siti ya daladala sikutulia hapohapo, niliendelea kutweta mpaka tunakaribia Tazara, ilhali nimekaa tu. Nilikuwa nalipa.

Kwa hiyo rafiki yangu aliyesema ni taka, pole, nilishampigia.

## Swichi ambayo haipo

Jambo moja bado lilikuwa linanisumbua nalo ni lile neno "oksijeni ikiisha". Nililisema kwa mtoto kama vile kuna swichi, oksijeni ipo tunawasha hii, imeisha tunawasha ile. Nikikimbia mita mia na hamsini oksijeni yangu haijaisha. Ingekuwa imeisha ningeanguka. Kinachotokea ni kwamba misuli inadai nguvu haraka kuliko mitokondria inavyoweza kushusha, foleni ya NAD zilizojaa inarefuka, na baadhi zinamwagwa kwenye piruveti wakati huohuo nyingine zinaendelea kushusha kwa oksijeni kama kawaida. Vyote viwili vinakwenda pamoja, kinachobadilika ni uwiano.

Nani hakumwona Simbu kule Tokyo, Septemba 2025? Mkimbiaji wetu wa marathoni Alphonce Simbu alikimbia kilomita 42 na ushee, saa 2:09:48, na yule Mjerumani Amanal Petros akaandikiwa muda uleule, wakaachana kwa sehemu tatu za mia za sekunde, yaani 0.03. Kilomita zote zile karibu kazi nzima ni ya oksijeni, huwezi kukimbia saa mbili kwa jagi. Ila zile mita za mwisho uwanjani, alivyomfuata mwenzake na kumpita kwenye mstari, pale alikuwa anatumia vyote, na cha oksijeni kiko kwenye kiwango chake cha juu na cha jagi kimefunguliwa. Nimeirudia ile video sijui mara ngapi. Kila nikiitazama sasa natazama mapaja yake.

Hamira nayo haitii swichi. Ukiipa sukari nyingi inatoa pombe hata hewa ikiwepo. Na cha kushangaza kuliko vyote ni chembe nyekundu za damu zenyewe. Zile ambazo kazi yake ni kubeba oksijeni, kuisambaza mpaka kwenye kidole cha mguu, zenyewe hazina mitokondria. Haziitumii hata chembe moja ya oksijeni kupata nguvu. Zinaishi kwa ATP mbili mbili na laktiki, siku kama 120, maisha yake yote zimebeba mzigo wa wenzao.

Hili nilimhadithia mwenzangu wa dukani tukiwa tunafunga hesabu, akaweka kalkuleta chini.

## Kurudi Tandika

Nilirudi Ijumaa usiku makusudi. Mtoto nilimkuta yupo macho, nikamwomba daftari. Sentensi yangu bado ilikuwepo, bluu, pembeni.

"Nilikwambia vibaya," nikamwambia. "Asidi haileti nguvu. Kaa nikueleze."

Nilimweleza kwa chupa za Mangi. Alielewa haraka kuliko mimi, na kabla sijafika kwenye oksijeni akauliza, "Kwa hiyo oksijeni ndo gari la kampuni linalokuja kubeba?" Karibu sawa, nikamwambia, ila gari lile linapokea mzigo tu, chupa linaziacha. Akafuta akaandika upya na akachora jagi.

Kwenye ile ATP 38 nilisita. Vitabu vya siku hizi vinasema 30 mpaka 32, kwa sababu protoni nyingine zinavuja kwenye utando bila kupita kwenye mtambo na nyingine zinatumika kusafirisha vitu. Ile 38 ni hesabu ya kama hakuna kinachopotea. Nimwambie nini mtoto mwenye mtihani Novemba? Nilimwambia ukweli wote, kwamba darasani andika kama mwalimu alivyofundisha, na ujue kwamba namba halisi ni ndogo kidogo na sababu ni hii. Sina uhakika kama nilifanya sawa. Nisingeweza kumwachia namba nyingine bluu ambayo siiamini.

Kisha akaniuliza lile ambalo lingenishinda wiki tatu nyuma.

"Sasa mamdogo, mbona unga unaumuka na miguu haiumuki?"

Nikamwambia hesabu kaboni. Glukosi sita. Laktiki ina tatu, ziko mbili. Zimebaki ngapi? Akahesabu kwa vidole. Hakuna. Basi hakuna gesi, hakuna cha kuumusha. Pombe ina kaboni mbili, ziko mbili, hizo nne, zile mbili zilizobaki ndo mapovu.

Dada alikuwa anatwanga iliki kwenye kinu, nilidhani hatusikilizi. Akasema bila kugeuka, "Ndo maana mtindi unaganda kimya, na huu unatokota."

Tukanyamaza wote wawili. Miaka kumi na moja anauza vitumbua na mtindi. Kuumuka ni kuumuka, kuchacha ni kuchacha, hajawahi kuvichanganya, na mi na kidato changu cha sita nilikuwa naviita vyote "fementesheni".

"Njoo unuse," akamwambia mwanawe. Akasogeza mfuniko. Unga ulikuwa umeanza kupanda, vitundu vidogo vidogo juu. "Sasa hivi mtamu. Saa nane usiku utanusa pombe. Ukiuacha mpaka kesho mchana unachacha, hapo hata ukiongeza hamira haukusaidii, unamwaga."

Mtoto akainama, akavuta pumzi ndefu.

Alfajiri alituamsha mwenyewe. Alishanusa saa nane, kweli, pombe. Mama yake akamimina cha kwanza, mafuta yakalia, mvuke ukapanda na ile harufu ndani yake, na alipokigeuza kwa kijiti mtoto akasogeza pua tena. Ilikuwa imeshatoka.